Mtani Hachukui Shamba

Fridolin, acha mlango wazi, mvua imepungua na mimi nataka hewa. Fulgensi, kaa hapa miguuni pangu. Digna, niinulie mto, kidogo tu, hapo hapo. Na wewe Kandida, usikae kizingitini kama mtu aliyekuja kuomba moto. Ingia ndani, mlaze mtoto hapa kando yangu, kitanda hiki tangu mama yenu Tekla aondoke duniani kina nafasi kubwa mno. Sasa tegeni masikio, wanangu, maana nitasema mara moja. Zamani nilirudia darasani mpaka yule wa dawati la mwisho aelewe, lakini leo pumzi ni ya kukopa.

Fulgensi, nimekuona ukimtupia kaka yako jicho na kutabasamu. Sikulaumu. Mmeniona nikifa mara nyingi. Nimekufa mbele ya kanisa kila Ijumaa Kuu, nimekufa kwa mshale, kwa sumu, kwa njaa, na mwaka mmoja nililiwa na mamba wa turubai, na kila mara niliamka, nikajipangusa vumbi, nikaja nyumbani kula. Lakini juzi Jumatatu daktari alipokuwa akiwanong'oneza barazani mlidhani nimelala, na mimi nilisikia yote. Safari hii hakuna anayetazama ila ninyi wanne, na hakuna wa kupiga makofi.

Tuanze na mambo mepesi. Nyumba hii ni ya Fridolin, na Digna asifukuzwe humo mpaka atakapoolewa kwa hiari yake. Mtumbwi na nyavu ni vya Fulgensi, ambaye mto umempenda kuliko kitabu. Cherehani ya mama yenu ni ya Digna, asiiguse mtu mwingine. Sanduku la mavazi ya michezo lipelekeni shuleni, joho jekundu la mfalme, ndevu za katani, mabawa ya malaika ambayo panya wameyala upande mmoja; watoto watajua la kuyafanyia. Katekista Viktor, aliyeninyang'anya nafasi ya mfalme mwaka ule wa njaa, mwambieni nimemsamehe. Mwambieni pia alikuwa mfalme mbaya sana, alishika fimbo ya enzi kama mtu anayefukuza mbuzi.

Hayo yamekwisha. Sasa naona mnajiuliza kwa nini nimemtuma mtu na mtumbwi mpaka Malinyi, katika maji haya ya masika, kumleta mke wa watu aje kusikiliza wosia usio wa baba yake. Nimemwita kwa sababu ya shamba la mpunga la Lumemo, lile mnaloliita letu. Shamba lile si langu, wala si lenu. Ni la Kandida. Nyamaza, Fridolin, utasema baadaye. Mti hukatwa kuanzia shinani, na mimi nitaanza shinani, ili kila mmoja wenu afike nami mahali pamoja.

Mnajua kazi yangu ya kuigiza haikuanzia misheni. Ilianzia misibani. Sisi Wandamba na wale ndugu zetu Wapogoro waliotelemka kutoka Mahenge ni watani, na marehemu akilazwa ndani, wenye machozi wakiwa wamechoka kulia, mtani ndiye huvaa koti la marehemu, akatoka uani akitembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akamgombeza mjane kuhusu chumvi kama yeye, mpaka watu wacheke wakiwa na kamasi puani. Baba yangu aliifanya kazi hiyo, nami nikairithi nikiwa na miaka kumi na minne. Mtani ana ruhusa. Atachukua kuku wa wafiwa, atachukua jembe alifiche mpaka apewe pombe, na hakuna atakayekasirika. Lakini kuna kikomo, nacho baba alinifundisha kabla ya kunifundisha kukohoa: mtani huchukua kuku, hachukui shamba.

Mapadri waliponiona msibani wakanipeleka kwenye jukwaa lao. Nimekuwa mchungaji, nimekuwa askari wa Kirumi, nimekuwa bibi arusi kwa sababu wasichana hawakuruhusiwa, na miaka tisa mfululizo nimekuwa msaliti, hata wauza samaki sokoni wakakataa kuniuzia perege. Nenda kanunue kwa vile vipande vyako thelathini, waliniambia, na mimi nikacheka, maana ile ilikuwa sifa. Sikujua bado kwamba mtu anayeweza kuwa kila mtu, jioni akifika kwake hapati wa kukaa naye, hata yeye mwenyewe hayupo.

Katika michezo ile nilikuwa na rafiki Mpogoro, Hermenegildi, baba yako, Kandida. Hakuwa mwigizaji hodari. Alikuwa mzito, sauti yake ikitoka chini kama ya mtu anayesukuma mtumbwi, na kabla ya kusema neno alikuwa akivuta pumzi na kuguna, ehee, kana kwamba neno lilikuwa limelala na yeye analiamsha. Watu walimpenda kwa hilo. Mwaka elfu moja mia tisa na arobaini alichukuliwa kwenda vitani, wewe ukiwa hujaanza kutambaa, na mama yako alikuwa amekufa kwa uzazi. Bibi yako Eufrasia, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, alibaki na wewe mgongoni.

Barua ilifika mwaka wa arobaini na nne. Alifia Burma. Iliyoipokea ni mikono ya Donati, ndugu wa bibi yako, kwa kuwa ndiye aliyejua kusoma katika ukoo ule, na siku hiyo dada yake alikuwa amelala na homa. Donati akasema, akipona nitamwambia. Alipopona akasema, tupite masika kwanza. Ninyi mnajua jinsi habari ya kifo inavyokuwa: ikilala siku moja ndani ya nyumba, siku ya pili inazidi uzito, na mwisho hakuna awezaye kuinyanyua. Basi wakamwambia mwanawe amebaki Tanga, anafanya kazi kwenye mkonge, mkataba wake haujaisha. Hermenegildi hakuwekewa matanga. Hakunyolewa mtu. Mtani hakuitwa.

Niliitwa miaka sita baadaye, kwa jambo jingine. Bibi yako aliugua tumbo, Kandida, ukamwona mwenyewe alivyokauka, na padri alikwisha kumpaka mafuta. Siku tatu alikuwa akimwita Hermenegildi. Donati akaja hapa akakaa palepale alipokaa Fulgensi, kofia mkononi, akaniambia, "Mtani, wewe unaijua sauti yake. Njoo umnyweshe mama huyu maji ya mwisho."

Nilimwambia yale si maji. Akaniambia, ni ya usiku mmoja tu, kesho atakuwa amekwenda na atamkuta mwenyewe huko huko, nani atatudai? Nikaenda. Nilisimama mlangoni, nikavuta pumzi, nikaguna, ehee, nikasema, mama, shikamoo, nimerudi. Mama Eufrasia akanyamaza kuita. Akanipapasa masikio, akanipapasa mabega, akasema mkonge umekukondesha. Kisha akawaita ndugu na majirani wote waliokuwa uani, na mbele yao akaninyooshea mkono akasema shamba la Lumemo, kutoka mfereji mpaka kichuguu cha pili, analiacha kwangu, mwanawe. Ningefanya nini? Kukataa kulikuwa kumwua. Nikasema, nimepokea, mama.

Asubuhi yake aliomba uji. Wiki iliyofuata alikuwa akitwanga.

Usicheke, Digna. Au cheka, mama yako naye alicheka alipoambiwa, ila alicheka mara moja tu. Mimi niliyekwenda kuigiza usiku mmoja niliigiza miaka mitatu. Tulisema Hermenegildi amepata kazi kwenye kivuko cha mto na analala huko huko, kwa hiyo anakuja jioni tu kumwona mama yake. Kijiji kizima kiliingia mchezoni. Watu walionisalimu sokoni Mwalimu Evaristo, wakipita uani kwa Mama Eufrasia walinisalimu Hermenegildi, habari za kivuko, bila hata kukonyeza. Na wewe, Kandida, msichana wa miaka kumi na mmoja, ulifundishwa kuniita baba. Uliniita kwa sauti ndogo, ukiangalia chini, na kila ulipoita nilijiona mwizi aliyefunguliwa mlango na mtoto wa nyumba.

Nilikula kule kila jioni. Hapa mlikula bila mimi. Tekla alisema neno ambalo limekaa nami mpaka leo: "Mume wangu ana mama wawili, na mke wake hana mume." Nilirudi hapa nimechoka, nikakaa barazani, mkadhani nafikiri mambo ya shule. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nangoja mtu wa ndani yangu aseme kitu, na hakusema mtu.

Mwaka wa hamsini na tatu wakaja wale wa sinema. Mnakumbuka ile furaha. Mzungu mwenye kaptura alinitazama nikiigiza watu watano kwa mara moja uwanjani, akanichukua wiki saba mpaka Dar es Salaam. Mama Eufrasia tukamwambia kivuko kimepelekwa kutengenezwa na vijana wa kazi wamekwenda nacho. Ilikuwa picha ya kufundisha watu wachimbe vyoo. Ndiyo, mwigizaji wenu mkuu wa bonde lote alisimama mbele ya kamera kwa ajili ya choo. Nilikuwa karani mwenye miwani, nilikuwa mzee mlevi, na nilikuwa mkulima mkaidi asiyetaka kuchimba. Karani na mlevi niliwamaliza siku moja. Kwa yule mkulima, bwana yule aliniambia kwa Kiswahili chake, hapa usiigize, hapa wewe sema kama unavyosema nyumbani kwako. Nikafungua kinywa. Nikavuta pumzi, nikaguna, ehee, na iliyotoka ilikuwa sauti ya Hermenegildi. Nilijaribu tena. Sikupata nyingine. Bwana yule alifurahi sana, akasema sasa ndiyo kweli, na mimi usiku ule nililala katika kitanda cha kukodi, mji mzima ukipiga kelele nje, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Kiangazi gari la sinema likafika Ifakara. Jua lilipokwisha kuzama walitandika shuka jeupe uwanjani, na watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto kuja kumwona mwalimu wao akiwa mkubwa kama nyumba. Mimi nilikaa mbele kwenye kiti. Sikujua kwamba Kandida alikuwa amemsihi bibi yake waende, na bibi alikuwa amesema, sioni, lakini nitasikiliza. Walikaa nyuma, karibu na akina mama wa karanga. Ndipo yule mkulima akatokea shukani akaguna na kusema mimi sichimbi choo, babu yangu hakuchimba, na mama mmoja alisikia mwanawe anasema kutoka hewani. Na papo hapo watoto wote wa shule, ambao hakuna aliyekumbuka kuwaonya, wakapaza sauti, "Mwalimu Evaristo! Huyo Mwalimu Evaristo!"

Kandida, wewe ulikuwepo. Uliniambia baadaye kwamba bibi aliuliza mara moja tu, wanamwita nani, kisha akasema tuondoke, mjukuu wangu, nimekwisha kusikia.

Kesho yake jioni nilikwenda. Nilisimama mlangoni kwake na sikujua niingie na sauti ya nani. Akasema, ingia, wewe uliye hapo nje. Niliingia. Nikatoa shikamoo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu yeyote ninayemjua. Akaitikia marahaba. Kisha akauliza, "Mwanangu alikufa lini?" Nikamwambia mwaka, nikamwambia mahali, nikamwambia kuhusu barua. Alichambua mchele kwa vidole, punje kwa punje, kana kwamba sikuwepo. Nilingoja anifukuze. Badala yake alisema, "Basi wewe ni mtani. Mtani ana kazi yake. Mwigize mwanangu, mwigize kama anavyoigizwa maiti, nimlilie."

Wanangu, nimesimama mbele ya maaskofu na mbele ya magavana, lakini hakuna mchezo uliowahi kuniwia mgumu kama ule wa mtu mmoja asiyeona. Maneno yale yale, mguno ule ule niliompa miaka mitatu, sasa niliutoa naye akijua, na kila neno lilimwangukia kama udongo wa kaburi. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Halafu, nilipomwigiza Hermenegildi akigombana na jogoo, akacheka. Kandida alikuwa mtoni, hakuyaona hayo.

Nilipoaga alinishika mkono. Akasema shamba alimpa mwanawe, na mwanawe hayupo, kwa hiyo ni la mtoto wa mwanawe. Akaniambia nililime nimlindie mpaka akue, kisha nimkabidhi siku atakapoolewa, mbele ya watu, kama yeye alivyolitoa mbele ya watu. Nikasema nimepokea, mama. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Mwaka uliofuata alikufa, watu wakaniona nalilima wakadhani ameniachia mimi, na mwaka jana Donati naye amekufa, ambaye hata hivyo hakulisikia neno hilo.

Sasa ndipo penyewe. Digna, maji. Asante.

Kosa la kwanza nilitumwa, na pengine Mungu ataliangalia kwa upole. La pili nilijituma. Kandida alipoolewa, miaka miwili iliyopita, nilikaa kwenye benchi la wazee, nikala pilau ya arusi yake, nikahutubia, nikachekesha watu mpaka wakagonga meza. Nilikuwa nimepanga kusema. Nikamwona Fridolin kando ya mkewe mpya, mwaka ule ndio alikuwa amejenga tuta la kuzuia maji kule Lumemo kwa mikono yake, na mpunga ulikuwa umesimama kama nywele. Nikajiambia, nani anajua? Na kweli hakuna aliyejua. Nikaketi. Watu wakapiga makofi. Kandida akaenda Malinyi kulima kando ya shamba la wakwe, kwenye ukingo unaoliwa na viboko, akiwa na shamba lake hapa ambalo hakuambiwa. Yatima, wanangu. Mimi aliyeniita baba miaka mitatu nimemdhulumu yatima.

Nasikia unavyoguna, Fridolin. Najua unalofikiri, maana ndilo ningefikiri mimi. Unasema, mzee huyu maisha yake yote ni mchezo, shahidi hana, karatasi hana, na leo homa imempandia kichwani. Sina shahidi, kweli. Hata nikilia hapa hamtajua kama ni machozi au ni kazi, kwa hiyo sitalia. Nakuomba upime jambo moja tu, kama nilivyokufundisha kupima hesabu kabla ya kuiandika: mwigizaji huigiza apate kitu. Mimi napata nini? Namchukiza mwanangu wa kwanza siku ambayo namhitaji anibebe. Najiita mwizi mbele ya binti yangu. Mtu hadanganyi kwa hasara.

Mkinizika, wekeni na matanga ya Hermenegildi siku hiyo hiyo, yasitenganishwe, mwiteni mtani wa kumwigiza, maana yule aliyemwigiza hatakuwepo. Na kuhusu shamba sikilizeni vizuri, pumzi inapungua. Kutoka mfereji mpaka kichuguu cha pili. Lote. Fridolin, mpunga uliomo sasa umeupanda wewe, tuta ni lako, jasho ni lako, sitaki haki ya mmoja iwe dhuluma ya mwingine. Mavuno ya mwaka huu mgawane, nusu yako, nusu ya Kandida. Baada ya hapo ardhi ni yake peke yake, yeye na mtoto huyu, na mumewe akitaka kuhamia huku msimzuie. Fulgensi, wewe utamvusha na vitu vyake. Bila ujira.

Kandida, sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, na hasira yako nitaipokea... nitaipokea nikiwa macho.

Sasa Fridolin. Sema kwa kinywa chako, ndugu zako wasikie. Wosia usioitikiwa ni hadithi. Nangoja.

Chukua muda wako.

Nangoja, mwanangu.

Umesemaje? Masikio yanavuma. Digna, amesemaje kaka yako? ... Asivune nusu? ... Wote. Amesema avune wote? Fridolin, umesema Kandida avune mpunga wote? Na tuta?

Basi. Basi, baba. Mimi sikuthubutu kukuomba hilo.

Inamisheni vichwa. Mkono siwezi kuuinua, sogeeni. Mungu awape mvua ya kiasi. Awape ndugu, msile peke yenu. Kila mmoja wenu akiitwa, aitike kwa jina lake. Wewe Kandida, na mtoto wako... na wa baadaye... mkae muda mrefu kwenye nchi yenu.

Sasa nendeni. Wote. Kungali na mwanga, na mvua itarudi. Nendeni Lumemo mkamwonyeshe mpaka, kichuguu kwa kichuguu, majirani wawaone mkitembea. Digna, nawe nenda, wakuone nawe. Msiwe na wasiwasi na mimi... Mwacheni mtoto amelala hapa, msimwamshe. Atanitosha.

Nendeni.